Sogea Kidogo, Agong

Daftari la Rukmini lilikuwa limeandikwa kwa penseli tangu ukurasa wa kwanza, na ukimuuliza kwa nini, atakujibu kwamba wino ni wa mambo yanayotulia. Kila Jumapili mchana alitoka kwa bibi aliyemtunza nyuma ya soko la Lunbei, mji mdogo wa Taiwan, akaja na daftari na ufutio wake hadi kwenye kibaraza cha nyumba ya Liao alikofanya kazi Kasiyati, akamsomea yaliyobadilika wiki hiyo katika sheria za wageni. Wote wawili walitoka Cilacap, ng'ambo ya bahari, wote walikuwa watunza wazee, na wote walitaka kitu kimoja tu: kubaki.

Kasiyati ndiye aliyebanwa zaidi. Watunza wazee wa kigeni waliwekewa ukomo wa miaka kumi na minne, kisha ndege, na kumi na minne yake ilikuwa inatimia tarehe nane mwezi wa tisa. Mlango mmoja ulikuwa umeachwa wazi. Mwajiri akikuombea ngazi ya juu, na wewe ukafaulu mtihani wa lugha, unahesabiwa fundi badala ya kibarua, na ukidumu kwenye ufundi huo miaka mitano unaweza kuomba ukaazi wa kudumu. Mwajiri alikuwa tayari. Kasheshe ilikuwa kwenye lugha, na kasheshe hiyo aliitengeneza mwenyewe, bila kujua, tangu siku ya kwanza.

Aliletwa Lunbei kumtunza Liao Chin-fa, mfugaji wa ng'ombe wa maziwa aliyekuwa ndio kwanza ametimiza miaka themanini na kuvunjika nyonga. Kila mtu alimwita Agong, yaani babu, naye akamwita hivyo hivyo, na yeye wakamfupishia jina kuwa A-Ti. Mzee alipoona msichana hajui hata kuomba chumvi, akafurahi kama mwalimu aliyerudishiwa darasa. Alimwonyesha maji kwenye bilauri, akasema, fi. Akamwonyesha mchele, ng'ombe, kitunguu saumu, mvua inayokuja kutoka upande wa bahari, na kila kitu akakipa jina lake. Kasiyati aliyaandika yote na kuyarudia akikoroga uji. Hakuwa mvivu hata kidogo. Kwa miaka mitatu alijifunza Kichina kwa bidii ambayo ingempendeza mwalimu yeyote duniani.

Tatizo ni kwamba hakikuwa Kichina alichodhani. Mwana wa mzee, Wen-shiang, alizungumza maneno mengine kabisa, na Kasiyati akaamua kimoyomoyo kwamba huyu bwana hakusikiliza shuleni. Watu wa kwenye televisheni nao walikosea sana, akawasamehe. Mpaka siku ya sikukuu ya Idi alipokwenda Taichung na Rukmini kuswali, jua likamkausha koo, akasimama mbele ya duka la vinywaji la mama mmoja aliyejaliwa mwili. Akaonyesha kidole kwenye chupa zilizokuwa nyuma ya yule mama, akasema kwa adabu zote, "Fi. Fi."

Mama akasikia "fei", ambayo kwa Kichina cha serikali ni mnene, akanyakua ufagio.

Rukmini alicheka hadi akaketi kwenye ukingo wa barabara. Walipokuwa salama mbali na ule ufagio, akamweleza rafiki yake ukweli: yaliyomjaa kinywani ni Kihakka, tena Kihakka cha Zhao'an, kinachosemwa na vijiji vichache vya huko kwao Lunbei, na hata huko wanaokisema wanatembea na mkongojo. Wen-shiang alipoulizwa, alikiri bila aibu. Mama yake alikuwa mtu wa Xiluo, sokoni walisema Kitaiwan, shuleni walisema Kichina, na lugha ya baba ikabaki kwa baba. "Mimi nasikia kidogo," alisema. "Kusema, ulimi unagoma."

Tangu hapo Kasiyati alijifunza Kichina cha serikali kwa kuokoteza, kwenye foleni za hospitali na dirishani pa duka la dawa. Kilimtosha. Lakini alipoketi mbele ya mtahini kule mjini Douliu, mwezi wa tatu wa mwaka ule wa mwisho, na kijana mwenye miwani akamwomba aeleze asubuhi yake ya kawaida, hofu ilimshika, na ulimi ulioshikwa na hofu hukimbilia nyumbani kwake. Alisema anaamka, anamgeuza mzee, anampa fi. Kijana akauliza anampa nini. Akasema fi. Kijana akaandika kitu kirefu.

Alifeli kwa alama nne. Wakala aliyemleta nchini alimpigia simu kumpa pole, kisha hapo hapo akamuuliza angependa tiketi ya kurudi ya asubuhi au ya mchana.

Kurudi wapi, hilo ndilo alilojiuliza akiosha vyombo. Nyumba aliyoijenga Cilacap ilikaliwa na kaka yake na watoto sita. Mume alishaoa mwaka wa pili tu tangu aondoke. Mama yake alikuwa kaburini. Binti yake aliolewa Batam, na akipiga simu alisema "Mama ukija" kwa sauti ya mtu anayetandika kitanda cha mgeni. Kasiyati hakumlaumu. Alikuwa amemwacha wa miaka tisa. Lakini alipokuwa akifua mashuka ya Agong uani, na harufu ya ng'ombe na vitunguu saumu inakuja na upepo, alijua kabisa kwamba mahali anapopakumbuka akiwa mbali ni hapa, na ukweli huo ulimtisha.

Agong mwenyewe aliwahi kumgusia jambo hilo, zamani, wakati bado anakaa kwenye kiti. Ilikuwa siku ya kusafisha makaburi. Kasiyati alikuwa anaijua herufi moja tu bila kubahatisha, ile ya Liao, kwa sababu ilikuwa kwenye sanduku la barua. Walipofika makaburini akaitafuta asiione. Makaburi yote ya ukoo yalikuwa na herufi nyingine. Akadhani amemsukuma mzee hadi kwa wafu wa watu, akaanza kugeuza kiti, na Agong akaanza kucheka bila meno.

Akamweleza. Babu yao mkubwa aliitwa Zhang. Alifika nyumbani kwa mtu aliyeitwa Liao akiwa mgeni, hana mbele wala nyuma, na Liao hakuwa na mtoto wa kiume. Akampokea, akampa binti yake, akampa nyumba. Yule mgeni akaapa kwamba watoto wake wangekuwa Liao maisha yao yote, ili nyumba iliyompokea isikatike. Lakini wakifa wangerudi kuwa Zhang, ili waliomzaa nao wasiachwe. Na kiapo kikashikwa. Karne kadhaa, maelfu ya watu, kila mmoja mzima ni Liao na maiti ni Zhang.

"Mimi ni Liao," Agong alisema, akijipiga kifuani. Akaonyesha udongo. "Nikilala pale, ukiniita Liao sitaitika. Na wewe, A-Ti, ukifa utaitwa nani?"

Kasiyati alijibu kwamba ukimwita saa ya chakula ataitika jina lolote. Lakini usiku ule, na mara nyingi baadaye, alilifikiria, kwamba watu wazima wenye akili, wenye ng'ombe na kodi za kulipa, walikuwa wameweza kuwa wa sehemu mbili kwa karne zote hizo bila ofisi yoyote kuwagongea muhuri. Alistaajabu sana, kiasi cha kuwa na haya kidogo kumwambia Rukmini.

Miaka miwili ya mwisho Agong alilala tu. Ugonjwa wa kusahau ulimmenya kama kitunguu. Kichina cha serikali kilitoka kwanza. Kisha Kijapani cha utotoni, cha enzi za mkoloni, nyimbo zote za shule, zikaisha ndani ya kipupwe kimoja. Kisha Kitaiwan cha sokoni, na siku hiyo Wen-shiang alitoka chumbani kwa baba yake akaenda kusimama na ng'ombe. Kikabaki Kihakka, kitovu chenyewe cha kitunguu, na katika nyumba ile ya watu saba aliyekijua sawasawa alikuwa mwanamke wa Cilacap. Mzee aliposema kiu, ni yeye aliyesikia. Alipoamka akiulizia ndama aliyezaliwa kabla ya vita, ni yeye aliyemjibu kwamba ndama anaendelea vizuri, ananyonya. Wen-shiang alisimama mlangoni akiuliza, "Anasemaje? A-Ti, anasemaje?" naye akamtafsiria baba kwa mwana.

Kila baada ya saa mbili alimgeuza ili asipate vidonda vya kulalia. Kwanza alimwambia, kila mara, maana mwili wa mtu haugeuzwi kama gunia. "Agong, nakuja. Sogea kidogo." Mzee hakuwa na uwezo wa kusogea hata kidole. Lakini akiambiwa, mwili ulilegea, ukakubali. Asipoambiwa uligeuka mgumu kama ubao. Miaka miwili, mara kumi na mbili kwa siku, na hakupata kidonda hata kimoja. Muuguzi wa wilaya alikuja kumkagua na taa, akamkagua mgongo mzima, asione hata alama.

Mwezi wa sita Rukmini alikuja Jumanne, siku isiyo yake, akifuta daftari huku anatembea. Sheria ilikuwa imebadilika tena. Mtihani wa lugha sasa ungeweza kufanywa kwa lugha yoyote ya nchi ile, Kihakka kikiwemo, na kikao cha Zhao'an kilipangwa mwezi wa nane, kule kule Douliu.

"Mbak, dada, soma mwenyewe," alisema, akamsukumia daftari. "Miaka yote nakucheka. Sasa unicheke mimi."

Kasiyati alisoma mara tatu. Wakala alipopigiwa alisema kwamba amesikia, lakini Kihakka hicho ni cha wachunga ng'ombe, na watahini wenyewe sijui kama bado wanapumua. Wen-shiang alisaini fomu siku hiyo hiyo. Akaahidi pia kwamba, lolote likitokea kwa baba, kama cheti kipo atamwombea kazi ya kumtunza mama mkwe wake, ambaye miguu ilikuwa imeanza kumgomea. Hakusema ni lolote gani. Mzee alikuwa ameacha kula uji.

Agong alifariki mwezi wa saba, asubuhi, kabla tu ya kugeuzwa kwa saa nne. Kasiyati alijua kwa mwili wenyewe: alimwambia sogea, na kwa mara ya kwanza haukumjibu. Alikaa na mkono wake mgongoni pa mzee kabla ya kwenda kumwita Wen-shiang. Alilia. Alilia kama mwana, na hakuna aliyemwambia anyamaze.

Kabla ya saa sita mafundi walikuwa wametundika taa nyeupe ya msiba mlangoni. Kasiyati alitoka na ndoo, akainua macho, akaona juu yake herufi ile ya makaburini. Zhang. Jina la kwenye sanduku la barua lilikuwa hatua mbili tu kutoka pale, Liao, na kati ya majina hayo mawili mtu mmoja alikuwa amevuka asubuhi ile. Alikuwa amesimuliwa, alikuwa ameyaona makaburi, lakini hakuwa ameelewa. Aliiweka ndoo chini akakaa juu ya kizingiti, akisema jina la Mungu wake polepole, kwa kuwa hakuwa na neno lingine la ukubwa ule.

Siku ya mazishi walikusanyika uani mbele ya jeneza. Kuhani alikuwa mtu wa Xiluo mwenye haraka, ana mazishi mengine mchana. Akaeleza kwa Kitaiwan kwamba sasa misumari inapigwa, na kama desturi ilivyo, mwana amwambie baba akwepe, asije akaogopa nyundo. Wen-shiang alipiga magoti. "Baba, kwepa msumari," alisema kwa Kitaiwan. Nyundo ilikuwa juu tayari.

"Ngoja," alimwambia fundi. Akageuka, macho yamemwiva, akamtafuta Kasiyati aliyesimama nyuma kabisa kando ya mashada ya maua, kwa kuwa hakushika ubani na hakutaka kuwa kikwazo kwa mtu. "A-Ti. Atanielewa?"

Angeweza kumpoza. Watu wote walikuwa wanamtazama, wajukuu waliokuja na treni kutoka Taipei, majirani, kuhani na saa yake. Lakini kwa miaka miwili kazi yake katika nyumba ile ilikuwa kusema alichosema mzee na alichosikia mzee, si zaidi.

"Hapana, Bwana," alisema.

"Basi mwambie wewe."

Kasiyati alipita katikati ya watu, na watu wakampisha. Alipofika kwenye jeneza alijikuta hajui maneno ya desturi. Neno la kukwepa Agong hakuwahi kumfundisha, hawakuwahi kulihitaji. Akaweka kiganja juu ya mbao, pale ulipokuwa mgongo, akasema kwa Kihakka, kwa sauti ile ile ya kila baada ya saa mbili:

"Agong Zhang. Nyundo inakuja. Sogea kidogo."

Wajukuu hawakuelewa hata neno. Lakini upande wa majirani kulikuwa na wazee wanne wamekaa kwenye viti vya plastiki, na wanne wote wakasimama. Hawakuambizana. Mmoja alikuwa na mkongojo, akauacha ukaanguka. Hata ng'ombe wa bandani ungesema wanasikiliza, na Kasiyati chini ya kiganja chake akahisi, au akataka kuhisi, mbao zikilegea. Hajawahi kumweleza mtu jambo hilo, hata Rukmini. Aliondoa mkono. Msumari ukaingia.

Mtihani ulikuwa siku kumi na tisa baadaye. Rukmini alimsindikiza kwa basi, akamsubiri nje na daftari mapajani. Chumba kilikuwa kidogo, chenye feni na meza moja. Mtahini alikuwa mama wa miaka sabini na zaidi, mtu wa Erlun, kijiji jirani, amevaa miwani mbili, moja machoni na moja kichwani. Alitazama jina kwenye fomu, akamtazama Kasiyati na hijabu yake, akatazama tena fomu. Akauliza kwa Kichina kama amekosea chumba.

"Sijakosea, Shangazi," Kasiyati alijibu kwa Kihakka.

Walianza na picha. Jikoni, sufuria, bibi anamimina kitu. Kasiyati alisema bibi anamimina fi, na mtahini hakumuuliza anamimina nini. Wakaja kwenye shamba, mvua, ng'ombe. Kasiyati aliieleza mvua ya kutoka upande wa bahari kwa neno lake lenyewe, na mama yule akaacha kuandika, akamwomba alirudie. Alisema mara ya mwisho alilisikia kwa mama yake, na mama yake alikufa yeye akiwa bado hajaolewa.

Kisha akaiweka karatasi ya maswali kando. Hilo halikuwa katika utaratibu, na Kasiyati alilitazama kwa wasiwasi, kwa sababu tarehe nane mwezi wa tisa ilikuwa imebaki majuma manne, na pasipo karatasi ile hapakuwa na Lunbei, hapakuwa na kibaraza wala Jumapili.

"Nani amekufundisha?" mama aliuliza.

"Mzee wangu. Chin-fa wa Lunbei, wa banda la ng'ombe njia ya shule."

"Chin-fa nani?"

Miaka kumi na minne alikuwa amelijibu swali hilo, kwenye madirisha ya hospitali, dukani, kwa wakala. Ulimi ulijua njia. Lakini mlangoni kule nyumbani taa nyeupe ilikuwa bado haijateremshwa.

"Zhang," alisema. "Zhang Chin-fa."

Mtahini alivua miwani ya machoni. Taratibu, akiegemea meza, akasimama, akainamisha kichwa kama wainamishavyo kwa wafiwa.

"Pole, mwanangu," alisema. "Amefariki lini?"

Kasiyati alifungua mdomo amjibu, na hapo ndipo alipogundua kwamba hakuwa amemwambia kuwa mzee amekufa.